Kati ya Kusikia na Kuhukumu

Mwaka 1946, Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vimekwisha na Waingereza wangali wakipimiwa siagi na mafuta ya kupikia kwa kadi za mgao, Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, alipeleka kwa serikali yake rai iliyompendeza karibu kila aliyeisikia: kwamba nyika za Afrika ya Mashariki, ambazo mtu aliyepita juu yake kwa ndege angedhani kuwa ni tupu, zifyekwe kwa matrekta na kupandwa karanga, ili Uingereza ipate mafuta na Tanganyika ipate maendeleo. Tume ya watu watatu, ikiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ilizunguka nchi kwa muda wa majuma tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ikarejea na shauri la kufyekwa ekari 3,210,000, nyingi zao zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya takriban pauni milioni 24. Januari 1951 serikali ile ile ilitangaza kwamba mradi umeachwa, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi zikafutwa katika daftari kuwa hasara isiyorudi.

Yangekuwa makosa kudhani kwamba waliopanga mambo haya walikuwa wajinga. Walikuwamo miongoni mwao mabwana shamba, wahandisi, wahasibu na mawaziri, watu waliosoma katika vyuo vikubwa na kuongoza kazi nzito wakati wa vita, na wengi wao nia yao ilikuwa njema bila ya shaka. Akili walikuwa nayo, na elimu walikuwa nayo. Kilichowapungukia ni kitu kidogo ambacho humpungukia mchuuzi wa sokoni kama kinavyompungukia waziri, nacho ni nafasi baina ya kusikia jambo na kulihukumu, nafasi ambayo ndani yake habari hupimwa kabla haijawa itikadi, na shauri huulizwa maswali kabla halijawa amri. Mwenye kuilinda nafasi hiyo huitwa mwenye busara hata kama hakusoma sana, na asiyeilinda huangamia pamoja na shahada zake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kuilinda, kwa mifano ya watu waliotutangulia na kwa mambo yanayotukuta kila siku nyumbani na kazini.

Mizani ya Ibn Khaldun

Miongoni mwa walioieleza nafasi hiyo kwa maneno yasiyochakaa ni Abdurrahman Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Kairo mwaka 1406 hali akiwa kadhi. Mwaka 1377, alipokuwa amejitenga na fitina za wafalme katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi iitwayo leo Algeria, aliandika kwa miezi mitano kitabu chake mashuhuri kiitwacho Muqaddima, na katika kurasa zake za mwanzo aliuliza swali ambalo wanahistoria wengi wa zama zake hawakupenda kuulizwa: imekuwaje hata watu wenye elimu na dini wakapokea uongo ulio dhahiri, wakauandika, wakaurithisha?

Mfano aliouleta ni wa al-Masudi, mwanahistoria wa karne ya kumi ambaye mwenyewe alipata kusafiri kwa bahari kutoka Oman hadi pwani yetu ya Zenji. Al-Masudi na wengine walisimulia kwamba Nabii Musa alipowahesabu wapiganaji wa Wana wa Israeli jangwani, wenye umri wa miaka ishirini na zaidi, walifika laki sita au kupita. Ibn Khaldun hakuwatukana waliosimulia, wala hakuanza kwa kuuliza kama walikuwa wakweli. Aliitia habari yenyewe katika mizani. Jeshi la idadi ile, alisema, likijipanga kwa vita, safu zake zingeenea mbali kuliko upeo wa macho, hata walioko upande mmoja wasijue yanayotokea upande wa pili, basi litapiganaje? Waajemi, ambao dola yao ilikuwa kubwa kuliko ya Wana wa Israeli, walikusanya katika vita vya Qadisiyya watu 120,000. Na baina ya Nabii Yaakub, aliyeingia Misri na jamaa wa nafsi sabini, na Nabii Musa, havipiti vizazi vinne. Vizazi vinne vitazaaje umma wa kutoa wapiganaji laki sita?

Faida iliyo kubwa kuliko mfano wenyewe ni utaratibu aliouweka. Wanazuoni wa Hadithi walikuwa wamekwisha kujenga elimu nzima ya kuwapima wasimulizi, nani mwaminifu na nani dhaifu, na Ibn Khaldun aliiheshimu elimu ile. Lakini katika habari za matukio ya dunia alisisitiza kwamba uchunguzi wa msimulizi ufuate baada ya uchunguzi wa jambo, kwani jambo lisilowezekana halifanywi liwezekane kwa uaminifu wa aliyelisema. Sisi aghalabu hugeuza utaratibu huu juu chini. Tukiambiwa jambo, swali letu la kwanza huwa ni nani aliyesema, na akiwa ni ndugu, au mkubwa wa kazi, au mtu aliyevaa vizuri, tunaona uchunguzi umekwisha.

Chukua mtu anayekuja kazini kwenu akiwa na habari za upatu mpya, ambao mwenye kutia fedha zake hurudishiwa mara mbili kila mwezi, na anaapa kwamba yeye mwenyewe amelipwa. Huenda anasema kweli. Huenda amelipwa, na huenda ni mtu mwaminifu. Tia jambo lenyewe katika mizani. Shilingi laki moja ikizidi mara mbili kila mwezi, baada ya miezi kumi na miwili itakuwa shilingi milioni 409 na laki sita. Biashara gani duniani, ya halali au ya haramu, huzaa hivyo? Hapana haja ya kumshuku mwenzako wala ya kujua sheria za fedha. Kalamu na kipande cha karatasi vimetosha, na aliyelipwa jana amelipwa kwa fedha za aliyeingia leo.

Kongwa nako, huko Tanganyika ambako mradi wa karanga ulianzia, kulihitaji kalamu ya namna hiyo. Mwaka wa kwanza wa mradi, 1947, zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kiasi cha 7,500. Hesabu ya mwanzo ilikuwa imekisia kazi ya trekta kama kwamba trekta ni jipya, dereva ni mzoefu, fundi yuko karibu na mbuyu haumo njiani, ilhali matrekta mengi yalikuwa masalio ya jeshi yaliyochoka, karakana zilikuwa bado kujengwa, na vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi ambayo hakuna aliyekuwa ameipima. Udongo wenyewe una mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali unaokula chuma. Ukinyeshewa hulimika, na ukikauka hushikana hata karanga zikawa hazing'oki ardhini. Kila moja ya mambo haya lingeweza kujulikana kwa kulima shamba dogo la majaribio kwa misimu michache. Lakini majaribio yalionekana kuwa ni kupoteza wakati.

Panya na kondoo

Hata hivyo, mwenye kujizoeza kutilia shaka huweza kuanguka upande wa pili, akadhani kwamba kila asilolijua ni uongo, na kwamba kukanusha ndio werevu. Ibn Khaldun aliiona hatari hii pia, na akaieleza kwa kisa kinachotugusa sisi wa mwambao kwa karibu. Msafiri Ibn Battuta wa Tangier, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliporejea kwao Morocco baada ya safari za miaka mingi, alisimulia mambo ya Sultani wa Delhi ambayo watu hawakuwahi kuyasikia: kwamba Sultani yule akirejea mjini kutoka safarini hufungwa manjanik, yaani mitambo ya kurushia mawe, juu ya wanyama, na watu wakarushiwa kwayo mifuko ya dirhamu na dinari. Watu wa baraza la mfalme wakanong'onezana kwamba mzee yule ni mwongo.

Ibn Khaldun, ambaye wakati huo alikuwa kijana, anasema kwamba naye alielekea kukubaliana nao, mpaka alipomwendea waziri Faris bin Wadrar, akamwambia shaka zake. Waziri akamwonya asikanushe habari za nchi za watu kwa sababu tu hajaziona, asije akawa kama mtoto wa waziri fulani aliyefungwa gerezani pamoja na baba yake. Mtoto yule alikulia kifungoni. Alipopata fahamu akamwuliza baba yake ni nyama gani wanayoletewa, akaambiwa ni ya kondoo. Kondoo ni nini? Baba akamweleza umbo lake. Mtoto akauliza, je, ni kama panya? Baba akasema, panya na kondoo wapi na wapi! Na hivyo hivyo kwa ng'ombe na ngamia, kwani katika gereza lile mnyama pekee aliyewahi kumwona ni panya, na kila mnyama aliyesimuliwa alimdhania kuwa ni jamaa ya panya.

Mizani ya haki, basi, ina sahani mbili. Moja huuliza kama jambo linawezekana kwa tabia ya vitu na kwa hesabu. Ya pili humwuliza msikilizaji mwenyewe kama upana wa maarifa yake unatosha kulikanusha. Mzee anayekataa dawa ya hospitali kwa kuwa babu yake hakuitumia, na kijana anayecheka ujuzi wa nahodha wa jahazi wa kusoma pepo za kaskazi na kusi kwa kuwa haukuandikwa katika kitabu chake cha shule, wote wawili wamo gerezani na panya wao. Yakini isipopatikana kwa upande wowote, adabu ya akili ni kusema “sijajua bado”, maneno ambayo hayamwaibishi mtu, na ambayo katika ofisi nyingi yangeokoa fedha nyingi kama yangeruhusiwa kusemwa mbele ya wakubwa.

Mashahidi wasiokuwapo

Wakati wa vita hivyo hivyo vilivyotangulia mradi wa karanga, huko New York, katika Chuo Kikuu cha Columbia, lilikuwapo kundi la wanahesabu waliokuwa wakilisaidia jeshi la Marekani, na mmoja wao alikuwa Abraham Wald, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1902 katika dola ya Austria na Hungaria, ambaye mwaka 1938 alikimbilia Marekani kwa sababu ya udhalimu wa Wanazi. Mwaka 1943 Wald alishughulikia suala la ndege za mabomu zilizorudi kutoka vitani zikiwa na matundu ya risasi. Husimuliwa kwamba maofisa walitaka vyuma vya kinga viongezwe pale ambapo matundu ni mengi, yaani penye mabawa na kiwiliwili. Na hakika mtu yeyote akionyeshwa ndege zile angesema vivyo hivyo. Wald alifikiri kinyume. Ndege zilizokuwa zikitazamwa zilikuwa ni zile zilizorudi, na kurudi kwake ndiyo ithibati kwamba ndege huweza kupigwa pale na isianguke. Ndege zilizopigwa penye injini hazikuwapo uwanjani kutoa ushahidi. Zilikuwa zimelala chini ya bahari au katika mashamba ya adui. Basi kinga iwekwe pale ambapo ndege zilizorudi hazina matundu.

Makosa aliyoyaepuka Wald ndiyo yanayotukuta kila tunaposikiliza waliofanikiwa tu. Nchini Kenya, karibu na mwaka 2014, habari zilienea kwamba ufugaji wa kware unatajirisha upesi, kwamba yai moja dogo linauzwa kwa bei ya mayai mengi ya kuku, na watu wengi wakaacha kazi nyingine wakajenga vibanda. Waliosimulia utajiri ule walikuwa wale walioanza mapema, ambao wateja wao, kwa sehemu isiyo ndogo, walikuwa ni wafugaji wapya waliohitaji mayai na vifaranga. Wafugaji walipozidi walaji, bei ikaporomoka, na waliopata hasara wakarudi makwao kimya, kwa kuwa hakuna agharimiaye tangazo ili kueleza hasara yake. Kwa hiyo mwenye kutaka kuanza biashara, akisha kumsikiliza aliyefaulu, na amtafute aliyefunga duka. Akimkuta na kumwuliza kwa heshima, atapata elimu ambayo haiuzwi katika semina yoyote.

Mashahidi wengine hawapo kwa sababu hawakuitwa. Kongwa ni nchi ya Wagogo, wafugaji na wakulima ambao kwa vizazi vingi wamepanda uwele na mtama, mazao yanayovumilia ukame, na ambao walikuwa na kumbukumbu ya njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, iliyowapiga karibu na mwaka 1918. Chaguo lile la uwele na mtama lilikuwa ni ripoti kamili ya mvua iliyoandikwa mashambani badala ya karatasini. Mtu ambaye angekaa chini ya mti pamoja na wazee na kuuliza, “Mbona hampandi vitu vingine?” angejibiwa habari za miaka ambayo wingu hupita juu bila ya kushuka. Wataalamu walioruka juu kwa ndege waliiona nchi tupu, na utupu ule wakaufasiri kuwa ni neema iliyokuwa ikingoja wao waje, ingawa nchi isiyo na watu wengi huwa na sababu yake, na sababu hiyo hujulikana na wale wachache waliomo.

Ukipenda chongo

Wahenga walisema kwamba ukipenda chongo huita kengeza. Ibn Khaldun alipoorodhesha mambo yanayoingiza uongo katika habari, aliutaja ushabiki wa madhehebu na rai kabla ya kitu kingine chochote, akisema kwamba nafsi ikiwa katika hali ya insafu huipa habari haki yake ya kuchunguzwa, lakini ikiwa imekwisha kuelemea upande, huipokea mara moja ile inayoafikiana nayo. Adui huyu ni mgumu kuliko ujinga, kwa kuwa mjinga hujua kwamba hajui, ilhali mwenye mapenzi huona mapenzi yake kuwa ni hoja.

Charles Darwin, mwanachuoni wa Uingereza aliyechapisha mwaka 1859 kitabu chake juu ya asili ya viumbe, alieleza katika habari za maisha yake kanuni aliyoishika kwa miaka mingi: kila alipokutana na jambo au wazo lililopingana na matokeo yake, aliliandika papo hapo bila ya kuchelewa, kwani tajriba ilikuwa imemfunza kwamba mambo ya namna hiyo husahaulika upesi kuliko yale yanayomwunga mtu mkono. Kanuni hii haihitaji elimu ya viumbe. Anayetaka kuoa, au kuolewa, au kumwajiri mtu, au kununua gari lililokwisha kutumika, na awe na karatasi ambayo juu yake huandikwa yale tu yasiyompendeza, siku ile ile anayoyaona. Yanayompendeza hayahitaji karatasi. Moyo utayahifadhi wenyewe.

Na Benjamin Franklin wa Marekani, alipoandikiwa mwaka 1772 na rafiki yake Joseph Priestley aliyekuwa katika shida ya kuchagua, alimjibu kwamba hawezi kumwambia achague nini, ila anaweza kumwambia achague vipi. Yeye mwenyewe, alisema, huigawa karatasi kwa mstari mmoja katikati, akaandika upande huu sababu za kukubali na upande ule sababu za kukataa, si kwa kikao kimoja bali kwa muda wa siku tatu au nne, kila sababu inapomjia; kisha huzilinganisha, akafuta sababu ya upande mmoja pamoja na ya upande wa pili iliyo sawa nayo kwa uzito, na pengine moja nzito kwa mbili nyepesi, mpaka ionekane mizani imeelemea wapi. Ugumu wa mambo, kwa rai yake, ni kwamba sababu zote hazihudhurii akilini kwa wakati mmoja. Leo hutawala hizi, kesho zile, na mtu hubadilika kama aliyelevywa. Karatasi huzikutanisha zote katika baraza moja.

Maji uliyoyavulia nguo

Lipo kosa jingine ambalo methali yetu wenyewe huweza kulitia nguvu ikitumiwa pasipo mahali pake. Husemwa kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kwa mtu mvivu anayeacha kila kazi katikati, neno hili ni dawa. Lakini ikiwa umekwisha kuvua nguo ndipo ukamwona mamba, nguo zilizoko ufuoni si sababu ya kuingia mtoni. Kongwa, mwisho wa mwaka 1947, dalili zote zilikuwa wazi: matrekta yamelala karakanani, ekari zilizofyekwa ni chache mno, udongo umeonyesha tabia yake. Juu ya hayo kazi iliendelea kwa miaka mitatu mingine, kwa kuwa fedha nyingi zilikwisha kutumika na heshima ya wakubwa ilikwisha kuwekwa rehani. Kwa mashamba ya mradi yaliyokuwa kusini, bandari ya Mtwara ilijengwa ipakie karanga, nayo ingaliko ikifanya kazi nyingine. Reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa baadaye.

Fedha iliyokwisha kutumika haina sauti katika hesabu ya kesho. Mwenye lori bovu ambalo amekwisha kulitengeneza mara nyingi asijiulize ametumia kiasi gani mpaka leo. Na ajiulize kwamba, lau lori lile lingekuwa ni la mtu mwingine, naye akaletewa auziwe kwa gharama ya matengenezo yanayofuata, je, angelinunua? Akijibu hapana, basi jibu amekwisha kulipata, na kilichobaki ni ujasiri wa kuwaambia jamaa. Aghalabu tunachokiogopa kupoteza ni uso wetu kuliko fedha, na kwa hiyo kiongozi mwenye hekima huwafungulia watu wake mlango wa kurudi nyuma bila ya fedheha, kwa kutangaza tangu mwanzo siku ambayo mradi utapimwa na kipimo ambacho ukikikosa utasimamishwa.

Nyumbani na kazini

Huenda msomaji akasema kwamba mambo yote yakipimwa hivi hapatafanyika kitu, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hoja yake ni ya haki, na jawabu lake ni kwamba si mambo yote yanayostahili mizani moja. Jambo linaloweza kurekebishwa kesho kwa gharama ndogo, kama kuchagua rangi ya ukuta au kujaribu mchuuzi mpya wa mboga, liamuliwe upesi, kwani kosa lenyewe litakuwa ndilo mwalimu. Lakini jambo lisilorudi nyuma, kama ndoa, dhamana ya mkopo wa mtu mwingine, kuuza shamba la urithi, au kumfukuza mtu kazi, lipewe siku zake zote, na mwenye kukuharakisha katika jambo la namna hii, akisema kwamba ofa inakwisha leo na kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani, amekwisha kukupa sababu ya kwanza ya kuandika upande wa kukataa.

Tuchukue ununuzi wa kiwanja, jambo ambalo katika miji yetu limewaliza wengi. Dalali huja wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu na barabara inapitika, akaonyesha vigingi na karatasi. Mwenye kulinda nafasi yake baina ya kusikia na kuhukumu hatamwita dalali mwongo. Atakwenda peke yake siku nyingine, atawauliza majirani maji ya masika hupita wapi na yalifika ukutani kiasi gani, atawauliza waliohama kwa nini walihama, atakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa ofisi ya ardhi aulize kama hati ile ni ya kiwanja kile na kama hakuna mwingine anayekidai, na ikiwezekana atasubiri mvua inyeshe akitazame kiwanja kwa macho yake. Hakuna katika haya linalohitaji akili ya ajabu, na kila moja lina gharama ndogo kuliko nauli ya kwenda mahakamani.

Na tuchukue jambo la kuhukumu watu, ambalo ni zito kuliko viwanja. Bosi huambiwa kwamba mtunza ghala anaiba. Mama huambiwa kwamba mwanawe ameonekana mahali pasipofaa. Watu wa mtaa hutumiwa katika simu zao picha na maneno juu ya mtu, na kabla ya jua kutua jina lake limekwisha kuharibika. Waislamu wameamrishwa katika Sura ya Hujurat wapeleleze habari wasije wakawadhuru watu kwa ujinga, na Wakristo wanaonywa katika kitabu cha Mithali juu ya mtu anayejibu kabla ya kusikia. Makadhi wa mwambao nao kwa karne nyingi wamekaa na mdai upande huu na mdaiwa upande ule. Juu ya yote hayo, tunapopata habari mbaya ya mtu tusiyempenda, tunajikumbusha methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na tunajiona tumeonyesha hekima. Methali hiyo ni hadhari njema kwa mtu anayejipima mwenyewe mwenendo wake, lakini ni hukumu ya kidhalimu ikielekezwa kwa asiyekuwapo kujitetea. Mtunza ghala aitwe, daftari lifunguliwe, mizigo ihesabiwe mbele yake; ikiwa ni mwizi, hesabu itasema, na ikiwa si mwizi, utakuwa umeiokoa nyumba yake na haki yako pia.

Basi, ewe msomaji, kwa jambo kubwa litakalokujia mbele yako, usilihukumu siku unayolisikia. Pima kwanza kama linawezekana, kwa kalamu na hesabu, ndipo umpime aliyelisema. Mtafute aliyeshindwa na asiyeitwa, uwasikilize pamoja na aliyefaulu. Andika siku ile ile yanayokwenda kinyume na matamanio yako. Na ukigundua kwamba umekosea njia, rudi kabla gharama haijaongezeka, wala usione haya. Wafunze watoto wako kuuliza “tumejuaje?” mezani wakati wa chakula, na uwajibu bila ya kuwakemea, kwa kuwa mtoto aliyezoea kuulizwa na kujibiwa hatauziwa uongo kwa urahisi atakapokuwa mtu mzima, awe ni mkulima, mfanyabiashara au waziri.